Taa za usaidizi wa dereva zimewaka: pa kuanzia kabla hujanunua kipuri

Magari ya kifahari ya siku hizi yana tabia moja inayowachosha wenyewe: yanalalamika sana lakini hayasemi panapouma. Unawasha gari asubuhi, skrini inakuambia breki ya dharura haifanyi kazi, mfumo wa kushika njia haupatikani, ESP (mfumo unaozuia gari lisiteleze pembeni) ina hitilafu, na kujiegesha nako kumezimwa. Ukiisoma orodha hiyo unaona gari zima limekufa. Kumbe mara nyingi kilichoharibika ni kimoja, tena kidogo.

Sababu ni jinsi mifumo hii ilivyojengwa. ABS ya kielektroniki iliyoingia kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978 ilikuwa na kazi moja tu, kuzuia magurudumu yasigande unapokanyaga breki kwa nguvu. ESP ilipokuja mwaka 1995 ilikaa juu ya ABS: ilitumia sensa zilezile za magurudumu, ikaongeza sensa ya pembe ya usukani na ya kupima gari linavyozunguka. Kruzi ya rada, inayoshika mwendo na kulinda nafasi nyuma ya gari la mbele, ikafuata, ikakaa juu ya ESP, kwa kuwa ESP ndiyo inayoweza kubana breki bila mguu wa dereva. Juu yake ikapangwa breki ya dharura, na vingine vikaendelea kupandiana kama ghorofa. Tofali la chini likilegea, kila ghorofa inawasha taa yake. Ndiyo maana taa inakuonyesha aliyeacha kazi, si aliyesababisha.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayojitokeza mara nyingi, nikamalizia na ile adimu.

Kabla ya kugusa chochote

Tazama rangi. Taa ya njano maana yake mfumo fulani umejitoa, nawe bado unaweza kuendesha kwa uangalifu hadi utakapochunguza. Taa nyekundu ya breki, ya usukani au ya betri ni jambo lingine: tafuta mahali salama, simama, usisonge hadi ujue ni nini.

Halafu jiulize: gari limefanyiwa nini mara ya mwisho? Kioo cha mbele kimebadilishwa? Bampa limepigwa rangi? Alaimenti (kunyoosha magurudumu), matairi mapya, beringi, betri? Swali hili peke yake limeniokolea muda mwingi kuliko mashine yoyote ya kupimia. Hitilafu iliyoanza siku mbili baada ya gari kutoka gereji haikuja kwa bahati mbaya.

Kisha soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta za gari, na uziandike kabla ya kuzifuta. Herufi ya kwanza ndiyo ya kuangalia: P ni injini na gia, C ni breki, usukani na vilivyo chini ya gari, B ni bodi pamoja na mifuko ya hewa, U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Vifaa vingi vya bei rahisi vinasoma P peke yake, halafu vinakuambia gari ni zima huku dashibodi inawaka kama sherehe. Kwa mifumo hii unahitaji kifaa kinachoingia kwenye kompyuta ya ABS, ya rada na ya kamera za aina ya gari lako.

Dalili ya 1: Taa nyingi zimewaka kwa mpigo, hasa asubuhi

Mtuhumiwa wa kwanza ni betri, hata kama gari linawaka vizuri. Kompyuta za usalama hazivumilii umeme dhaifu. Stata inapovuta, volti zikishuka kupita kiasi, kompyuta moja inazimika kwa sekunde moja, zinazoitegemea zinaiona haipo, na kila moja inaandika kodi yake ya U. Ukiona kodi nyingi za U zilizoingia wakati mmoja, ondoa macho kwenye rada na kamera, fungua sehemu ya betri.

Pima kwa multimita baada ya gari kulala usiku. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Volti 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12 ni tupu. Mwambie mtu awashe huku unatazama: isishuke chini ya 9.6 hivi. Injini ikishawaka tarajia kati ya 13.5 na 14.8. Ila usiihukumu alteneta kwa kipimo kimoja, maana magari mengi ya daraja hili yana alteneta inayoongozwa na kompyuta, inayopunguza chaji kwa makusudi kisha kuipandisha unapoachia mafuta.

Kagua pia vichwa vya betri na waya wa hasi unaoshikana na bodi. Kutu kidogo pale inatosha kuiga dalili za kompyuta mbovu. Kumbuka betri inaweza kuwa kwenye buti au chini ya kiti, na baadhi ya magari yana ya pili, ndogo, ambayo watu hawajui kama ipo hadi inapokufa.

Ukibadilisha betri, weka ya aina ileile. Gari lililotoka na AGM (betri ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo) lirudishiwe AGM. Magari mengine yanataka betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta ili mfumo wa chaji uache kuifanyia hesabu za betri ya zamani. Fundi akikwambia usajili huo ni biashara tu, mwombe akufungulie maelekezo ya gari lako.

Sababu ya pili ni maji. Watengenezaji wa magari ya kifahari wanapenda kuficha kompyuta chini ya viti, chini ya kapeti na pembeni mwa buti. Mirija ya kutolea maji ya kidirisha cha paa, na ile iliyo chini ya waipa, ikiziba kwa majani, maji yanatafuta njia ndani. Kapeti ya juu inaweza kuwa kavu huku sponji iliyo chini yake imelowa. Ingiza mkono chini, bonyeza, nusa. Harufu ya uvundo ni ushahidi tosha. Hapo ondoa kichwa cha hasi cha betri na usijaribu kuwasha tena na tena. Kompyuta iliyolowa inaweza kupona ikikaushwa bila umeme. Ikilazimishwa kufanya kazi na unyevu ndani, inaungua.

Fyuzi na soketi zilizolegea zinafuata kwa mbali. Kompyuta yenyewe kufa ni mwisho kabisa wa foleni, ingawa ndiyo ya kwanza kutajwa na anayeuza kompyuta.

Dalili ya 2: ABS na ESP zimewaka pamoja, kruzi imegoma

Hapa kitu cha chini kabisa kimepoteza habari, na karibu kila mara ni kasi ya gurudumu moja. Sensa ipo karibu na habu, inakula matope, maji na joto la breki. Waya wake unapinda kila unapokata kona.

Anza bila kufungua kitu. Unganisha kifaa, fungua usomaji wa moja kwa moja, endesha kilomita 20 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka na tupu, mtu wa pili akiangalia skrini (si wewe dereva). Magurudumu manne yanatakiwa kusoma karibu sawa. Linalokaa kwenye sifuri, au linalorukaruka, ndilo lako. Sasa nyanyua upande huo kwa jeki, weka stendi, fuata waya kwa jicho kuanzia kwenye sensa hadi unapoingia bodini. Utakuta umechubuliwa na tairi, umetoka kwenye kishikizo chake, au soketi imejaa kutu ya kijani.

Sensa za kisasa zina kielektroniki ndani, kwa hiyo kuzipima omu (ukinzani wa umeme) kama za zamani hakukuambii chochote cha maana. Usipoteze muda.

Sensa ikiwa nzima, geukia kile inachosoma. Kwenye magari mengi ni pete ya sumaku iliyofichwa upande mmoja wa beringi, ukiiangalia utadhani ni sili ya mpira tu. Beringi ikifungwa kinyume, pete inaangalia upande usio na sensa, na mashine itakuambia sensa imekufa. Nilibadilisha sensa mbili kwenye gari moja kabla ya kuuliza beringi ilifungwa lini. Ilikuwa wiki iliyotangulia, mahali pengine, na ilikuwa kinyume. Sensa zote mbili nilizotoa zilikuwa nzima.

Kuna dalili ndogo ya familia hiihii inayowatisha watu: unakaribia kusimama kwenye lami kavu, mwendo wa mtu anayekimbia, pedali inatetemeka chini ya mguu kama umekanyaga barafu. ABS imeingia kazini bila sababu. Mara nyingi pete imepasuka au imeshika vyuma vidogo, na kasi ndogo ndipo ishara dhaifu inapopotea kwanza. Kompyuta inadhani gurudumu limeganda, inaachia breki. Taa inaweza isiwake kabisa. Usiendelee kulitumia hivyo kwa kuwa tu dashibodi iko kimya, kwa sababu gari linakuongezea umbali wa kusimama pale unapouhitaji zaidi.

Ikiwa magurudumu yote yanasoma vizuri, tazama swichi ya pedali ya breki. Ni kidude kidogo lakini kinapeleka habari kwa kompyuta nyingi kwa pamoja. Dalili zake ni mchanganyiko wa ajabu: kruzi haikubali kuwaka, gia haitoki P, wakati mwingine kitufe cha kuwasha injini hakijibu. Mwambie mtu asimame nyuma ya gari akuambie taa za breki zinawaka na kuzima sawasawa na mguu wako.

Baada yake ni sensa ya pembe ya usukani. Kama betri ilitolewa karibuni, washa injini, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia, urudishe katikati, kisha endesha kidogo moja kwa moja. Magari mengi yanajirekebisha hapo hapo. Kama tatizo lilianza baada ya alaimenti na usukani umekaa upande huku gari linaenda wima, fundi alimaliza vyuma akasahau kuiambia kompyuta katikati mpya iko wapi.

Matairi nayo yamo. Tairi moja jipya kati ya matatu yaliyoisha, au tairi la akiba jembamba, linazunguka kwa kasi tofauti na wenzake. Kwenye magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne hili haliudhi ESP tu: linachosha na gia za katikati zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Simama hapa: taa ya ABS ya njano ikiwa peke yake, breki za kawaida bado zipo, ila magurudumu yanaweza kuganda. ABS ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma nao unaweza kuwa umekwenda, na gari linaweza kuzunguka ukibana breki ghafla. Oili ya breki ikiwa chini, au pedali ikizama, usijaze tu na kuondoka. Ita gari la kuvuta. Pampu ya ABS si ya kufungua nyumbani, maana kuitoa upepo kwa usahihi kunahitaji mashine inayoiamuru izunguke.

Dalili ya 3: "Mfumo haupatikani kwa sasa"

Neno la kushika ni *kwa sasa*. Gari halisemi limeharibika. Linasema halioni, nalo limechagua kujitoa kuliko kubahatisha. Ujumbe ukija wakati wa mvua kubwa, ukungu au jua la jioni linalopiga usoni, kisha ukaondoka wenyewe, hakuna cha kutengeneza. Hata barabara tupu isiyo na magari wala kuta inaweza kuifanya rada ijione imezibwa, maana haipokei mwangwi wa kitu chochote. Na gari lililoachwa juani siku nzima, kamera ya mbele inaweza kujizima hadi ipoe.

Ujumbe usipoondoka, anza na kitambaa. Rada ya mbele hukaa nyuma ya nembo, kwenye grili au chini ya bampa. Inatuma mawimbi ya gigahezi 76 hadi 77, na kwa mawimbi mafupi kiasi hicho, tope lililolowa ni ukuta. Osha kwa maji na sabuni laini. Kisha ufute kioo mbele ya kamera, nje na ndani. Upande wa ndani husahaulika, na pale juu nyuma ya kioo cha kati hujikusanya utando wa mafuta usiouona hadi taa za gari linalokuja zinapoangaza.

Kama usafi haujasaidia, tafuta kilichoongezwa. Nembo ya kung'aa iliyonunuliwa kando, fremu ya chuma ya kibao cha namba iliyosogea, filamu ya kulinda rangi juu ya uso wa rada. Nembo ya magari yenye rada nyuma yake ni laini, bapa, ya plastiki maalumu inayopitisha mawimbi. Ile ya chuma inayafunga. Kwenye kioo, angalia stika, kamera ya kurekodi safari, ukanda wa tinti ulioshuka kupita mstari. Hata karatasi nyeupe juu ya dashibodi inaakisi kwenye kioo na kuichanganya kamera.

Sababu nzito zaidi ni kugongwa kidogo. Bampa la plastiki linajirudi umbo lake kama hakuna kilichotokea, lakini kishikilio cha rada nyuma yake kimepinda. Fanya hesabu: rada ikipotoka digrii moja, kwenye umbali wa mita 100 inatazama pembeni kwa karibu mita 1.7. Hiyo ni nusu ya njia ya barabara kuu. Inaweza kulifuata gari la njia ya pili na kuliacha lililo mbele yako.

Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera inahitaji kalibresheni (kupimwa na kulengwa upya) hata kama ilirudishwa kwenye kishikilio chake kwa skrubu zilezile. Vivyo hivyo baada ya alaimenti ya nyuma, kwa sababu rada inalenga kufuata mstari ambao magurudumu ya nyuma yanalisukuma gari. Na kwa magari yenye springi za hewa, kona moja ikilala usiku, gari zima linabadilisha mahali linapotazama. Tengeneza springi kwanza. Kukalibresha gari lililoinama ni kuandika kosa kwa wino.

Dalili ya 4: Gari linabana breki lenyewe na mbele hakuna kitu

Hii ndiyo inayowatoa watu jasho, na ninawaelewa. Tenganisha aina mbili kwanza.

Kama inatokea mahali palepale, chini ya daraja fulani, kwenye kona yenye magari yaliyoegeshwa upande wa nje, juu ya bamba la chuma barabarani, huo ni mpaka wa uwezo wa mfumo. Rada inaona chuma kilichotulia mbele na haijui vizuri kimo chake. Kamera ndiyo inayotakiwa kuamua, na kivuli kizito kinaweza kuipotosha. Kompyuta inachelewa kidogo kuamua na tayari breki imegusa. Uliza kama gari lako lina toleo jipya la programu, kwa kuwa watengenezaji hurekebisha maamuzi haya. Kwenye menyu, punguza wepesi wa onyo kutoka mapema hadi katikati. Magari mengi yanaachia breki ukikanyaga mafuta kwa uthabiti, lakini hakikisha kwenye kitabu cha gari lako kabla siku haijafika.

Kama inatokea popote, bila mpangilio, hiyo ni hitilafu. Rudi dalili ya 3: uchafu, nembo, kishikilio kilichopinda, kamera isiyokalibreshwa. Mpaka itengenezwe, zima kruzi ya rada, na kama menyu inaruhusu, zima breki ya dharura. Sipendi kumshauri mtu azime kinga, lakini breki inayojibana kwenye mwendo wa kilomita 110 huku lori linakufuata ni hatari kubwa kuliko kutokuwa nayo.

Inapotokea ukirudi nyuma, sababu ni za kuchekesha zaidi: majani marefu, mwinuko mkali, kibebea baiskeli, ndoano ya kuvutia trela ambayo gari halijui kuwa ipo.

Nakuomba usiijaribu breki ya dharura kwa ukuta, maboksi wala mtu. Kwa mtu hasa. Video za namna hiyo zipo nyingi, na baadhi zimeishia vibaya.

Dalili ya 5: Usukani unavuta, au mfumo hauoni mistari

Mifumo mingi ya kushika njia haiingii kazini hadi ufike kilomita 60 hivi kwa saa, kwa hiyo usiilaumu mtaani. Mistari iliyofutika, lami iliyolowa usiku, mistari miwili ya rangi tofauti penye ujenzi: hapo macho ya binadamu yenyewe yanahangaika.

Kwa gari linalovuta upande, kuna jaribio moja rahisi. Zima mfumo, endesha kipande kilekile cha barabara. Likiendelea kuvuta, ni matairi, upepo au alaimenti. Likiacha, kamera inalenga vibaya. Dakika tano, na umejua uende kwa fundi gani.

Gari likikulalamikia ushike usukani huku umeushika, inategemea linavyopima. Aina moja inasikiliza msukumo mdogo wa mikono. Ukishika kwa utulivu mno inadhani haupo. Aina nyingine inahisi ngozi ya kiganja, na kava la usukani linaipofusha. Wanaoning'iniza chupa ya maji kwenye usukani ili kuidanganya wamejitengenezea gari lisilo na dereva wala kompyuta ya kutosha. Kamera inayomtazama dereva usoni nayo hutumia mwanga wa infraredi, na miwani fulani ya jua huuzuia.

Dalili ya 6: Sensa za kuegesha zinalia bure, taa ya kioo cha pembeni haizimi

Mlio mmoja mrefu unapoingiza gia ya kurudi nyuma, kwenye magari mengi ni ujumbe wa hitilafu. Kikwazo hulia kwa vipindi, mlio unaungana pale tu kinapokuwa karibu sana. Washa gari bila kuondoka, ingiza gia ya nyuma, breki ya mkono imebanwa na mtu wa kuaminika yuko kwenye pedali. Gusa kila sensa kwa ncha ya kidole. Sensa nzima ina mdundo mdogo wa haraka; iliyokufa imetulia. Ukishaipata, badilishana nafasi na ya jirani yake inayofanana: hitilafu ikihama, ni sensa, ikibaki, ni waya. Matone ya maji, tope, na tabaka nne za rangi baada ya bampa kupulizwa mara mbili ndizo sababu za kila siku. Mashine ya maji ya presha uishike mbali kidogo na sensa.

Rada zinazolinda eneo ambalo kioo cha pembeni hakilioni, ndizo zinazowasha taa ya kioo hicho, zimekaa nyuma ya kona za bampa la nyuma. Puti nene ya kurekebisha bampa inazipofusha. Mwenye gereji ya bodi asiyejua hilo atakurudishia bampa linalong'aa na mfumo uliokufa.

Kamera ya nyuma ikikatikakatika unapofungua buti, waya umevunjika kwenye bawaba. Picha ikiwa na ukungu, maji yameingia ndani ya lenzi, na hiyo haitengenezeki.

Dalili ya 7: Upepo wa matairi

Pima kwa geji kwanza, matairi yakiwa baridi. Inashangaza wangapi wanaruka hatua hii. Baada ya kujaza, mifumo isiyo na sensa ndani ya tairi inataka uibonyeze ianze upya, kwa kuwa inalinganisha tu mizunguko ya magurudumu. Yenye sensa ndani, betri zake hudumu miaka 5 hadi 10 na huwa hazibadilishwi peke yake, unabadilisha sensa nzima. Angalia masafa: kuna za megahezi 315 na za 433, na gari la moja halisikii nyingine.

Dalili ya 8: Taa ya mfuko wa hewa

Hapa mwongozo wa kujifanyia unaisha haraka.

Sababu ya kawaida ni soketi za njano chini ya viti vya mbele, zinazovutwa kiti kinaposogezwa au mtu anapoingiza mkono kuokota simu. Unaruhusiwa kutazama kwa tochi kama kuna mwavuli au chupa iliyonasa waya. Ishia hapo. Kama honi na vitufe vya usukani vimekufa siku hiyohiyo, utepe wa waya unaojiviringisha nyuma ya usukani umekatika. Zingine ni kifungo cha mkanda wa kiti, na mkeka wa kutambua abiria ndani ya kiti.

Usipime waya wa njano kwa multimita. Mkondo mdogo wa kipimo unaweza kutosha kulipua. Usiunge kipingamizi (rezista) ili taa izime. Taa itazima na mfuko hautafunguka. Fundi mwenye kazi hii anaondoa betri na kusubiri muda ulioandikwa na mtengenezaji kabla ya kugusa kitu. Asiposubiri, ondoka karibu na gari, kisha tafuta mwingine.

Kwa anayenunua gari lililotumika: ukifungua swichi, taa ya mfuko wa hewa lazima iwake sekunde chache halafu izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameificha.

Ukifika kwa mtaalamu wa kalibresheni

Peleka gari likiwa na upepo sahihi, bila mzigo kwenye buti, springi za hewa zikiwa nzima. Uliza kama gari lako linataka kalibresheni ya ndani, yenye mabango yaliyopimwa kwa milimita kwenye sakafu sawa, au ya barabarani, au zote mbili. Anayekufanyia ya ndani kwenye uwanja wenye mteremko anakupotezea siku. Omba ripoti ya kodi ya kabla na ya baada, ichapishwe ikiwa na namba ya chesisi. Kama gari ni la umeme au mseto, mwambie pia nyaya zozote za rangi ya chungwa (za umeme mkubwa) ulizoziona zimechubuka. Wewe mwenyewe usiziguse.

Ukishalichukua, endesha siku ya kwanza kwa mwanga wa mchana, nafasi ya kufuata ikiwa ndefu kuliko zote kwenye menyu, mguu ukiwa karibu na pedali.